Bosi wa klabu akihamia Malimbe

Klabu zetu zilipoanza kuajiri watendaji wakuu wa kweli, wenye mkataba, mshahara na barua ya kuachishwa kazi, zilizalisha kada ambayo nchi haikuwa nayo. Simba peke yake, ndani ya miaka isiyozidi saba, ilipita mikononi mwa Crescentius Magori aliyetokea NSSF, Senzo Mazingisa wa Afrika Kusini, Barbara Gonzalez, Imani Kajula na François Regis Uwayezu wa Rwanda. Yanga ilimchukua Senzo mwaka 2020 akiwa bado na joto la Msimbazi, na mwaka 2022 ikamleta Andre Mtine, Mzambia aliyewahi kufanya kazi TP Mazembe. Jumlisha na wale wa klabu za chini yao, ambao majina yao hayaandikwi magazetini mpaka siku wanapoondolewa, na utapata kundi la watu wanaojua kuendesha michezo ambao kila msimu ukiisha baadhi yao wanatafuta meza nyingine ya kukalia.

Vyuo navyo vina meza. Huku Mwanza swali limeanza kusikika pale wahadhiri wanapokunywa chai: mtu aliyeendesha klabu ya Ligi Kuu atatufaa kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo? Jibu langu ni kwamba atafaa, ila si yule ambaye waulizaji wanamwona kichwani. Wao wanamwona mtu wa suti aliyesimama na wadhamini mbele ya bango kwenye hoteli ya Dar es Salaam. Mimi namwona mtu aliyewahi kulala Shinyanga na basi bovu, wachezaji 22 hawajala, na simu ya mwenyekiti haipokelewi.

Kiti chenyewe kwanza, maana wengi wanaobishana juu ya nani akikalie hawajakitazama. Vyuo vyetu vingi havina mkurugenzi wa michezo. Vina ofisa michezo, na mara nyingi ofisi yake iko chini ya mshauri wa wanafunzi, bega kwa bega na mabweni, nidhamu na kesi za wapenzi waliogombana. Nusu ya mamlaka aliyobakiwa nayo iko mikononi mwa serikali ya wanafunzi, ambayo ina waziri wake wa michezo. Waziri huyo ni kijana wa mwaka wa pili au wa tatu. Ana wizara kwa mwaka mmoja, ana orodha ya wachezaji kwenye simu, ana namba ya dereva wa basi la chuo, na siku ya safari ana deni la maji ya kunywa alilolikopa dukani kwa jina lake mwenyewe.

Kuna chuo kimoja nilichokifahamu kwa karibu ambacho mipira yake ilifungiwa stoo, na ufunguo uko kwa mtunza stoo. Mtunza stoo ni mtumishi kama watumishi wengine, saa tisa na nusu anafunga na kupanda daladala. Mazoezi yanaanza saa kumi na nusu, baada ya vipindi. Kwa hiyo timu ya chuo chenye maelfu ya wanafunzi ilikuwa inachezea mpira wa beki wa kushoto, na beki wa kushoto akiwa na kazi ya kikundi, hakuna mazoezi. Hakuna mtendaji wa Ligi Kuu atakayekuja na nadharia ya kutatua jambo hilo. Anahitaji tu kukaa na mtu wa stoo na mtu wa utumishi mpaka ufunguo wa pili uchongwe, na hiyo inaweza kumla wiki tatu na barua nne.

Halafu kuna wateja. Mtendaji wa klabu anahudumia mchezo mmoja, timu moja ya wakubwa yenye macho yote, na siku moja ya wiki. Mkurugenzi wa chuo ana soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha, wanaume na wanawake, na wachezaji wake wote ni watu waliokuja kufanya jambo lingine. Chukua kijana wa mwaka wa pili anayesoma uhasibu, kiungo mzuri, anachezea pia timu ya daraja la chini mjini. Jumamosi ana mechi Musoma. Jumatatu saa mbili asubuhi ana mtihani wa majaribio. Bumu halijaingia, kwa hiyo posho ya hiyo mechi ndiyo chakula chake cha wiki mbili. Nani anamwandikia mhadhiri barua? Nani anampigia meneja wa ile timu kumwambia kijana arudi na gari ya usiku? Akidisko, nani anamweleza baba yake aliyeko Sengerema? Kwenye klabu ya kulipwa hakuna swali la namna hiyo, kwa sababu mechi ndiyo kazi na kila mtu pale analipwa ili akubaliane na hilo.

Kwa hiyo ukimchukua mtendaji wa Simba au Yanga, jiulize alikuwa anafanya nini hasa. Alikuwa anasimamia bidhaa inayojiuza. Mwaka 2017 Mohamed Dewji alishinda zabuni ya kuweka Sh20 bilioni kwa asilimia 49 za Simba. Kilichonunuliwa pale hakikuwa uwanja wala majengo, kilikuwa mapenzi ya watu. Mwaka 2021 Azam Media ikasaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na fedha hizo zilikuja kwa sababu mamilioni ya watu wanataka kuona timu mbili. Barbara Gonzalez alifanya kazi kubwa Simba, simpunguzii. Msimu wa 2020/21 timu ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na ofisi ilianza kunuka nidhamu ya kampuni. Lakini hakuwahi kulazimika kumshawishi mtu yeyote kwamba Simba ipo.

Chuoni utalazimika. Mechi ya fainali ya vitivo huchezwa bure, mashabiki wamekaa kwenye nyasi, na ukijaribu kuweka kiingilio cha Sh1,000 utaitazama fainali peke yako na mwamuzi. Michezo ya vyuo vikuu chini ya TUSA, na ile ya SHIMIVUTA inayokutanisha taasisi kama CBE na TIA, hufanyika kwa mkupuo, siku chache kwa mwaka, mji mmoja, kisha kimya. Ligi haipo, kwa hiyo msimu haupo, na bila msimu mdhamini hana pa kubandika jina lake. Mtu aliyezoea kuuza msimu mzima atashangaa akiambiwa auze siku 10.

Lakini huyo mtu wa ligi analo jambo ambalo vyuo vyetu havina, na ndiyo sababu sijasema asiajiriwe: anaheshimu karatasi. Mfumo wa leseni za klabu umewafundisha watendaji wa Ligi Kuu kwamba timu ya vijana, hesabu zilizokaguliwa, uwanja na mikataba ni masharti, na usipoyatimiza hutacheza. Mchezaji wa klabu akiumia goti, kuna daktari wa timu na kuna kifungu kinachosema nani analipa. Mwanafunzi akiumia goti kwenye mechi ya vitivo anabebwa na wenzake kwenye bajaji mpaka hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na wenzake haohao ndio watakaochangishana. Mtu mmoja aliyezoea mikataba angeweza kulimaliza hilo kwa muhula mmoja, kwa fomu ya kurasa mbili na mazungumzo na watu wa bima. Sijui kwa nini jambo dogo hivyo linawashinda watu wenye shahada tatu tatu.

Marekani wameshalijaribu jambo hili kwa ukubwa, kwa sababu kule mkurugenzi wa michezo wa chuo ni bosi kwelikweli: ana uwanja wa watu zaidi ya 60,000, ana mikataba ya televisheni, na kocha wake wa mpira wa Kimarekani hulipwa kuliko gavana wa jimbo. Kuna watu wawili ambao napenda kuwaweka pamoja, kwa sababu kwa nje walifanana.

Wa kwanza ni Oliver Luck. Alicheza chuo, akacheza kulipwa, akasoma sheria, kisha akawa rais wa NFL Europe, ligi ambayo NFL ilijaribu kuipanda Ulaya na mwishowe ikaifunga. Baadaye akawa rais wa Houston Dynamo, klabu ya soka hili letu la miguu, iliyohamishiwa Houston kutoka San Jose na kuchukua ubingwa wa MLS mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha West Virginia, alikosoma, kikamwita awe mkurugenzi wa michezo. Ndani ya miaka miwili alikuwa amekitoa chuo kwenye umoja wa Big East uliokuwa unabomoka na kukiingiza Big 12, kwa gharama ya dola milioni 20 za kuvunja mkataba. Akaruhusu bia iuzwe uwanjani, jambo ambalo naomba wakuu wa vyuo vya Kanisa hapa Mwanza walisome harakaharaka na kuendelea. Hakuwa malaika: zabuni ya haki za matangazo chini yake ilichunguzwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, makosa ya utaratibu yakaonekana, ikabidi irudiwe. Alipoondoka mwaka 2014 hakufukuzwa. Aliitwa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya huko.

Wa pili ni Steve Patterson. Alikuwa kiongozi wa juu Houston Texans ya NFL, akawa rais wa Portland Trail Blazers ya NBA, kisha akapita Arizona State kama mkurugenzi wa michezo. Novemba 2013 Chuo Kikuu cha Texas, ambako naye alisoma sheria, kikamkabidhi idara ambayo ilikuwa miongoni mwa tajiri kuliko zote nchini humo. Septemba 2015 alikuwa ameshaondolewa. Alipandisha bei za tiketi baada ya msimu wa 2014 ambao timu ilipoteza mechi saba na kushinda sita. Alibana vitu vidogovidogo ambavyo watu wa chuo waliviona ni haki zao za siku zote, na wafadhili wakubwa walilalamika kwamba anaongea nao kama wateja wa kaunta. Kwa vitabu vya hesabu hakuwa mjinga. Ila chuoni anayekata tiketi ni mhitimu wa mwaka 1975 ambaye mke wake alimpata palepale kwenye bweni, na mtu huyo humpandishii bei bila kwanza kumpigia simu.

Wote wawili walikuwa wanasheria, wote wahitimu wa vyuo walivyorudi kuviongoza, wote watu wa ligi. Kwa hiyo si kweli kwamba kusoma hapo kunatosha. Tofauti ninayoiona ni walikopitia. Patterson alitoka kwenye ligi zilizoshiba. Luck alitoka kwenye ligi iliyokufa na klabu iliyokuwa inaanza, na hiyo Dynamo haikuwa hata na uwanja wake: miaka yote ya Luck ilipanga Robertson Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Houston. Alikuwa mpangaji wa chuo kabla hajawa mkurugenzi wa chuo. Alijua maana ya kusubiri ratiba ya mwenye nyumba. Tena kabla ya kuajiriwa West Virginia alikuwa ameketi kwenye bodi ya chuo hicho, kwa hiyo alishasikia wahadhiri wanavyolalamika kuhusu fedha za mpira.

Wa tatu nitamgusa tu. Kevin Warren alitoka kwenye uongozi wa Minnesota Vikings, mwaka 2020 akawa kamishna wa Big Ten, umoja wa vyuo vikubwa. Kwa televisheni alileta mkataba wa dola takribani bilioni saba mwaka 2022. Lakini Agosti 2020, alipotangaza kuahirisha msimu kwa sababu ya korona, wazazi wa wachezaji walikwenda kuandamana nje ya ofisi za umoja huo, na Septemba uamuzi ukageuzwa. Kwenye NFL mzazi hana ofisi ya kwenda. Mwaka 2023 Warren alirudi kwenye mpira wa kulipwa, Chicago Bears.

Najua mtu ataniambia Marekani sasa inakwenda upande wa watu wa ligi, kwamba tangu mwaka 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kwamba Andrew, mwana wa huyo Oliver Luck, mwaka 2024 alipewa umeneja mkuu wa timu ya Stanford kama vile ni klabu ya kulipwa. Ni kweli. Ila fedha hizo kule zilitangulia, ofisi zikafuata. Huku tunataka ofisi itangulie kisha tukae tusubiri fedha.

Sasa turudi ziwani, kwa sababu ligi maskini tunayo hapahapa na walimu wake wapo. Mwaka 2016 Mbao FC ilipanda Ligi Kuu, na Mei 2017 ilikuwa Dodoma kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba, ikafungwa 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Mwaka uleule Toto African ilishuka. Mwaka 2018 Alliance ikapanda. Mwaka 2020 Mbao na Alliance zikashuka msimu mmoja, Gwambina ya Misungwi ikapanda kushika nafasi, na mwaka 2021 nayo ikashuka. Kuanzia hapo mkoa wa Mwanza, wenye CCM Kirumba na mashabiki wa kuujaza, ulikaa misimu mitatu bila timu ya Ligi Kuu, mpaka Pamba, TP Lindanda ya wazee wetu, ilipopanda mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Jiji, baada ya zaidi ya miaka 20.

Watu waliozishika klabu hizo kwenye meza ya utendaji ndio ninaowazungumzia. Fikiria hesabu yao. Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na timu nyingi za ligi ziko huko au zaidi ya huko. Mapato ya mlangoni ya maana ni mara mbili kwa msimu, siku Simba inapokuja na siku Yanga inapokuja. Siku nyingine zote Kirumba unamlipa mwenye uwanja, walinzi, gari la wagonjwa na waamuzi, unabaki na fedha ya mafuta. Kwenda Bukoba unachagua kati ya meli ya usiku na barabara iliyokuwa inakusimamisha Kigongo ukisubiri kivuko, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Mtendaji wa hapo anajifunza kuomba. Anamwomba mkuu wa mkoa, anamwomba mwenye kiwanda cha samaki, anamwomba mwenye hoteli amlaze leo amlipe mwezi ujao, na anajifunza kumtazama machoni mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu na kumwambia apande basi. Ni elimu ya kikatili, lakini bajeti ya michezo ya chuo inaishi katika dunia hiyohiyo.

Na anajifunza pia kwa kushindwa. Biashara United Mara ya Musoma ilimaliza ya nne msimu wa 2020/21 na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani. Mechi ya marudiano Libya haikuchezwa, kwa sababu timu haikufika. Safari ilikwama kwenye mambo ya ndege na vibali. Vijana waliokuwa wameshaweka mguu mmoja raundi inayofuata walitolewa bila kugusa mpira, na mwaka 2022 klabu ikashuka daraja. Mtu aliyekuwa jirani na tukio lile hatahitaji semina kumfundisha kwamba barua ya kuomba basi la chuo huandikwa mwezi mmoja kabla.

Alliance inahitaji kutazamwa kwa muda zaidi, maana ndiyo jaribio pekee la karibu tulilonalo. Shule za Alliance pale Mahina hazikuwa klabu iliyofungua shule. Zilikuwa shule zenye akademi ya michezo ambayo ilikua mpaka timu yake ikafika Ligi Kuu. Kwa misimu miwili, 2018 mpaka 2020, chini ya mwavuli mmoja kulikuwa na ratiba ya NECTA na ratiba ya Bodi ya Ligi. Wanafunzi wa ada na wachezaji wa mshahara. Timu ya wanaume ilishuka. Alliance Girls ikabaki Ligi Kuu ya Wanawake. Mimi naisoma hivi: soka la wanaume la Ligi Kuu lina mwendo wake wa fedha, na shule haiwezi kukimbia nao bila kuanza kuacha kuwa shule. Soka la wanawake kwa miaka ile bado lilikuwa na ukubwa ambao taasisi ya elimu inaweza kuubeba, wachezaji wengi wakiwa wa umri wa kusoma, na hapo shule ilikuwa na nguvu ambayo klabu kubwa hazina. Mkurugenzi wa michezo mwenye akili pale Malimbe, kwenye chuo kikuu cha SAUT, au kwenye kampasi za IFM na CBE mjini, angeanzia kwenye timu ya wasichana kabla hajagusa ya wavulana. Sijawahi kusikia mtu wa klabu za Kariakoo akipendekeza hivyo.

Ng'ambo ya ziwa wamekwenda mbele yetu kwa njia nyingine. Uganda ina ligi ya soka ya vyuo vikuu tangu mwaka 2012, ikidhaminiwa na Pepsi, ya nyumbani na ugenini, inayochezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe na kujaza wanafunzi. Waliotengeneza msimu ni watu wa vyuo. Mdhamini akapata pa kuweka jina. Kenya nako kwenye raga, timu za vyuo kama Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta na Strathmore Leos hucheza na klabu za watu wazima kwenye mashindano ya taifa. Hakuna aliyewasubirisha mpaka apatikane bosi kutoka klabu ya Gor Mahia.

Kwetu kuna pengo la kihistoria ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule kitaifa, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilisimamishwa kwa muda kabla ya kurejeshwa. Mwalimu wa michezo aliyekuwa na miaka 30 wakati ule alipaswa leo awe mkurugenzi wa michezo wa chuo, amekomaa, anajua kupanga mashindano ya mikoa yote kwa wiki mbili. Wengi wa rika lake waligeukia mambo mengine. Michezo iliporudi, na Mwanza ikawa mwenyeji wa fainali za kitaifa mwaka 2018, ngazi moja ya kati ya watu wa kuiendesha ilikuwa imekosekana, na ndiyo maana leo macho yanakwenda kwenye klabu kutafuta watu ambao elimu yenyewe ilitakiwa iwe imewalea.

Jambo linalonishangaza zaidi liko umbali wa safari ya asubuhi kutoka hapa. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, chuo cha serikali cha fani hii, kiko Kwimba, ndani ya mkoa huuhuu wa Mwanza, kandokando ya reli ya kati. Kinafundisha utawala wa michezo na ukocha. Serikali imekuwa ikijenga hapo akademi ya michezo. Wahitimu wake wanaenda halmashauri kuwa maofisa michezo, ambako wengi wanaishia kubeba spika siku ya Mwenge. Na vyuo vya mjini vinajadili kuleta mtendaji kutoka Dar es Salaam kwa mshahara ambao havina.

Pendekezo langu ni la mtu wa daraja la pili, na nalisema kwa heshima ya daraja hilo. Msimchukue mtendaji mkuu. Mchukueni meneja wa timu au katibu wa klabu inayomilikiwa na taasisi. Ligi yetu imejaa hizo: Tanzania Prisons, KMC ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Pamba Jiji, JKT, na Kagera Sugar ya kiwanda kule Misenyi, iliyodumu Ligi Kuu takribani miaka 20 mpaka iliposhuka mwaka 2025. Katibu wa timu ya magereza au ya kiwanda anajua jambo ambalo mtendaji wa Simba hajawahi kulazimika kulijua, kwamba mwajiri wake ana kazi nyingine kubwa kuliko mpira, na kwamba mpira utapewa gari baada ya hiyo kazi kumalizika. Anajua kuandika dokezo likapita kwa mhasibu wa serikali. Anajua kwamba bosi akihamishwa, timu huanza upya kubisha hodi. Mpeni msaidizi aliyesoma Malya, wa kike ikiwezekana, ashike michezo isiyo soka, maana katibu mwenyewe ataielekea soka tu; damu haibadiliki.

Huyo katibu hatawaletea kombe la TUSA mwaka wa kwanza. Atawaletea ratiba. Atakaa na Malimbe, chuo cha Bugando, IFM, CBE, TIA na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, na kutengeneza ligi ndogo ya jiji ya Jumatano alasiri, kuanzia Novemba mpaka Mei, ikisimama wiki za mitihani. Usafiri wa mechi hizo ni daladala za ndani ya jiji. Uwanja wa Nyamagana, wa Jiji na wenye nyasi bandia, unaweza kuombwa kwa fainali. Ligi ikishakuwa na miezi saba, ndipo mtu wa masoko aliyefukuzwa klabu kubwa anaweza kuitwa kwa mkataba wa miezi mitatu aje atafute mdhamini. Hiyo ndiyo kazi yake na ataifanya vizuri.

Ila kuna sharti ambalo bila hilo hata huyo katibu atakwama. Ratiba ya chuo haitungwi ofisi ya michezo. Inatungwa kwenye kamati za seneti, ambako wanaamua mitihani ya majaribio iwe lini, vipindi vya Jumatano viishe saa ngapi, na mwanafunzi aliyekuwa Dodoma kwenye mashindano afanye mtihani wake siku gani. Mkurugenzi wa michezo awe na kiti kwenye kamati hizo, chenye sauti, na awe na fungu lake la bajeti analosaini mwenyewe, hata kama ni dogo. Chuo kisichokuwa tayari kutoa hivyo viwili kisijisumbue kumtafuta mtu wa ligi. Kazi itakayobaki inaweza kufanywa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ambaye hadai mshahara na ana mpira wake mwenyewe.